Shahidi Aliyeishia Kiunoni

Usiku wa jana niliota kwamba ukweli wangu umezuiwa mlangoni pa mahakama.

Mlinzi ameupitisha kwenye ile mashine ya kukagulia mabegi, ameutazama kwenye kioo, ametikisa kichwa.

"Mama, hiki ni kitu gani?"

"Ukweli," nikamwambia. "Ni wangu. Nimetoka nao nyumbani."

"Hauingii. Humu ndani hatushughuliki na ukweli." Akanipa kikaratasi chenye namba. "Utauchukua ukitoka, kama utaukuta."

Sikushangaa hata kidogo. Nikiwa macho nimeshaambiwa hivyo hivyo, ila kwa adabu zaidi. Wakili wangu, Bi Harriet, ambaye ananitetea kwa kujitolea, alinieleza mara tatu kupitia mkalimani wa simu. Wizara imeninyima viza ya hifadhi, nasi tumeiomba mahakama iupitie uamuzi huo. Mahakama haitauliza kama mume wangu aliuawa kweli, wala kama na mimi nitauawa nikirudi. Itauliza jambo moja: yule afisa aliyeninyima aliivunja sheria, au hakuivunja? Akiwa ameivunja, ombi langu linarudi mwanzo, lisikilizwe upya. Akiwa hakuivunja, nafungashiwa virago narudi kwetu Fizi.

"Hata kama kila nilichosema ni kweli?" nilimwuliza.

Mkalimani akasema, "Ndiyo, mama. Hata kama ni kweli. Anasema pole."

Pole! Nimepewa pole nyingi katika nchi hii, ningeziuza sokoni ningekuwa na duka. Basi nililala na hasira zangu, maana kesi yenyewe ni leo saa nne asubuhi, na ndoto ikanichukua nikiwa nimekunja uso.

Ndani ya mahakama kuna meza, na nyuma ya meza kuna karani. Karani ana mkasi.

"Siku unanyimwa viza, ulikuwa na kikohozi hicho?"

"Hapana. Nimekipata kiwandani, ninakofungasha kuku. Kule ni baridi mwaka mzima."

"Basi ni kikohozi kipya. Mahakama inatazama yaliyokuwa mbele ya Wizara siku ile tu. Kiache hapa."

Nikakikohoa chote ndani ya bahasha. Akailamba bahasha, akaifunga, akaandika jina langu juu yake. Aliliandika vibaya, kama wote.

"Na hizo mvi?"

"Zimenitoka nikisubiri."

"Kusubiri si ushahidi." Akazikata moja moja, kumi na nne, akaziweka kwenye sahani ya chai. Kisha akaiona huzuni yangu. Akaipima kwa rula kuanzia juu. "Hii nyingi ilikuwepo. Imo kwenye faili. Kipande cha chini ndicho nisichokiona."

"Cha chini ni cha Februari," nikasema.

"Februari ni baada ya uamuzi." Akakikata.

Nataka ieleweke hicho kipande cha Februari ni nini. Mume wangu Mlondani alikuwa mwalimu kijijini kwetu Lusenga. Watu wenye silaha walipochoma soko, yeye aliwatambua, akaandika majina yao kwenye daftari la shule. Wakamwua kwa sababu ya daftari hilo. Mimi nikakimbia kwa sababu nimelisoma. Mdogo wake, shemeji yangu Wilondja, alibaki. Nilipoomba hifadhi huku, Wilondja ndiye aliyeandika barua kwenda Wizarani kueleza yaliyotokea na yanayoendelea. Aliituma moja kwa moja kwa mkono wa padri aliyekuwa anasafiri, mimi sikuiona. Alinipigia simu tu akasema, "Shemeji, usikuwe na wasiwasi. Niliandika yote."

Ndipo uamuzi ukatoka. Aya ya arobaini na saba inasema hivi, na nimeikariri kama sala: "Ndugu wa mwombaji amethibitisha kwa maandishi, ukurasa wa mia na kumi na mbili, kwamba familia yote ni wazima na wanaendelea vizuri."

Nilimpigia Wilondja nikamfokea. Nilimwambia, yote gani uliyoandika wewe? Umeandika salamu! Mimi huku natafuta kunusurika, wewe unaandika mko wazima? Akajaribu kunijibu, nikamkatia simu. Hiyo ilikuwa Januari. Februari simu yake ilizimika, na mpaka leo haijawaka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyompa.

Karani akakitupa kipande hicho kwenye pipa, akaniambia nipite.

Napita, nakuta si mahakama tena. Ni kanisa letu la Lusenga, lile la mabati, na mabenchi yake yamejaa makosa. Nayajua kuwa ni makosa kwa sababu kila moja limevaa tai.

Mojawapo likanisogelea, likanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mimi ni Kosa la Jina," likasema. "Wewe ni Mwavita, wao wameandika Mwavika. Mara kumi na tisa. Karibu sana, mama."

"Nimefurahi kukuona," nikasema, na kweli nilifurahi. "Inuka twende kwa jaji."

"Nilishakwenda. Wameniambia mimi ni kosa dogo."

Nyuma yake likasimama jingine, jeupe, limechana nywele. "Mimi ni Tarehe ya Kuzaliwa. Wamekuzaa tarehe mosi Januari."

"Kila mtu kwenye kambi ya wakimbizi alizaliwa tarehe mosi Januari," nikasema. "Hata mapacha waliopishana usiku na mchana."

"Najua. Tuko elfu sita. Tunafanya sherehe pamoja." Likakaa chini. "Na mimi ni dogo."

Likaja jingine linalosema Lusenga iko kando ya barabara ya lami. Likaja linalosema mume wangu alikuwa mwanafunzi. Yote nikayauliza, yote yakajibu hivyo hivyo: sisi ni makosa ya kawaida tu, mama, hatutoshi. Mtu anaruhusiwa kukosea hivi bila kuvunja sheria. Nikauliza kosa la kutosha linapatikana wapi. Yakatazamana.

"Wanasema lipo," likasema Kosa la Jina. "Ila limelaliwa."

"Limelaliwa na nani?"

"Hatujui. Sisi tunakaa huku mbele."

Hapo nilihisi hasira inanipanda mpaka kwenye meno. Miaka mitatu naelekezwa dirisha la pili, na dirisha la pili linanirudisha la kwanza. Hata ndotoni? Mtu hawezi kulala akapumzishwa?

Kengele ikalia. Madhabahu ikageuka kiti cha jaji, na mabenchi yakaanza kutembea. Nikajua tuko kiwandani, kwenye ule mkanda wa kuku. Juu yetu kuna ndoano, na kwenye kila ndoano imening'inia aya moja ya uamuzi wangu, imenyonyolewa vizuri. Aya ya kwanza inapita, ya pili inapita. Wenzangu wa zamu ya asubuhi wamesimama na aproni zao, wanazikagua aya kwa vidole, wanasema hii nzuri, hii nzuri, pitisha.

Jaji ana miwani minene. Anainama, ananitafuta.

"Mwombaji yupo?"

"Nipo, Mheshimiwa."

"Nasikia sauti, simwoni mtu."

"Nipo hapa mbele yako, nimevaa kitenge cha njano."

"Miwani hii inaona karatasi tu," akasema jaji kwa upole. "Nilipewa siku nilipoapishwa. Mwanamke wa kitenge cha njano yumo ukurasa wa ngapi?"

"Hayumo. Kitenge nimekinunua juzi."

"Basi simwoni. Tuendelee. Nani anaisemea Wizara?"

"Mimi," ukasema muhuri.

Ni muhuri ule ule uliogongwa kwenye uamuzi wangu, wa mpira, mpini wa mbao, wino mwekundu mdomoni. Umekaa kwenye kiti cha ngozi na mguu juu ya mguu, ingawa hauna miguu.

"Hoja yako?"

"Imekataliwa," ukasema muhuri.

"Fafanua."

"Imekataliwa," ukasema tena, mara hii kwa kuegemea.

"Hoja fupi, inaeleweka," jaji akaandika. "Mama nisiyemwona, kosa liko wapi?"

Nikasema kosa liko katika aya ya arobaini na saba. Ndoano ikasimama. Aya ikateremshwa mezani. Nikaanza kueleza, na naapa nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza nikiwa macho. Nikasema, Mheshimiwa, kwetu mtu akikuuliza hujambo, unajibu sijambo. Hata mwenye homa hajambo. Hata aliyetoka kuzika hajambo. Ukifika msibani ukauliza habari, utajibiwa nzuri, ndipo uoneshwe jeneza. Hayo si maelezo ya hali ya usalama, huo ni mlango wa kuingilia kwenye maneno. Afisa wa Wizara ameusoma mlango akadhani ameiona nyumba.

Jaji aliweka kalamu chini. "Inasikitisha. Ina maana afisa hakuielewa salamu."

"Hakuielewa kabisa!"

"Kutoelewa salamu ni kosa la kawaida," akasema jaji. "Sheria inamruhusu."

Pale benchi la nyuma makosa yote yakaguna kwa pamoja, na Tarehe ya Kuzaliwa ikasema, "Si tulikwambia?"

Nikasema kwa sauti kubwa kwamba hii ni kumpigia mbuzi gitaa. Jaji akauliza kama mbuzi huyo yumo kwenye faili. Nikasema hayumo. Akaagiza aondolewe, na kweli mbuzi mmoja akatoka chini ya meza, akaenda zake.

"Muhuri, una shahidi?"

"Imekataliwa," ukasema muhuri, na milango ikafunguka.

Akaingia mwanamume mnene, mcheshi, ana suti ya bluu na uso unaong'aa mafuta. Anampa mkono kila mtu. Anampa mkono karani, anaupa mkono mkanda wa kuku, anaipa mkono saa ya ukutani.

"Habari za asubuhi? Za nyumbani? Wazee hawajambo? Watoto? Na kazi je?"

"Jina lako," akasema jaji.

"Hatujambo," akasema yule mtu, na akapanda kizimbani. "Mimi ni Hatujambo. Natoka Lusenga. Niliandikwa na Bwana Wilondja kwa kalamu ya bluu, siku ya Jumapili, baada ya ibada."

Nikadakia, "Wilondja unamjua? Yuko wapi?"

"Hajambo," akasema.

"Nimekuuliza yuko wapi!"

"Hajambo kabisa. Nanyi hamjambo?"

Jaji akamgeukia. "Hali ya Lusenga ikoje?"

"Nzuri, Mheshimiwa."

"Familia?"

"Wazima wote, kwa neema ya Mungu."

"Kuna la ziada?"

Hatujambo akatabasamu, akafungua mdomo, akaufunga. Akarudia, "Wazee hawajambo?"

Hapo uvumilivu uliniishia. Nikaruka mkanda, nikamfuata kizimbani. Nikamwambia, wewe ndiye uliyeniua. Wewe! Wenye bunduki walinikosa, wewe umenipata. Nimegombana na shemeji yangu kwa ajili yako. Nimemkatia simu kwa ajili yako, na sasa sijui kama yuko hai wa kumwomba radhi. Alikuwa na karatasi nzima, kalamu nzima, na padri anasubiri mlangoni, akaandika wewe tu halafu akaweka kalamu chini? Sema kilichofuata! Baada yako alisema nini?

Nilikuwa nalia, na nilikuwa nimemshika kola.

Hatujambo akaacha kutabasamu. Kwa mara ya kwanza akazungumza polepole, kama mtu aliyechoka kutembelea watu.

"Mama, mimi sijui. Mimi natangulia tu. Kazi yangu ni kubisha hodi na kumkaribisha anayefuata. Miaka miwili sasa nabisha, naingizwa peke yangu, mlango unafungwa nyuma yangu. Nawaambia niko na mwenzangu, wananiandikia kwamba niko mzima."

"Mwenzako yuko wapi?"

"Sijui. Mimi naishia hapa." Akanionyesha kiunoni.

Nikachungulia ndani ya kizimba. Kweli, mtu yule alikuwa hana chini. Suti ya bluu ilifika kiunoni ikakoma, si kwa kukatwa, kwa kukunjwa. Pale ilipokoma palikuwa na mstari mweusi, ulionyooka toka upande huu hadi ule.

"Jaji," nikasema, "shahidi wako ni nusu."

"Imekataliwa!" ukapiga kelele muhuri. Ukaruka kitini, ukaja mbio, ukapiga sakafu mara nne mfululizo mahali nilipokuwa nimesimama. Niliusukuma kwa goti. Nikaingiza kucha zangu kwenye ule mstari mweusi, nikavuta.

Ulikuwa mgumu, kama mlango wa jokofu la kiwandani. Makosa madogo yakashuka mabenchini kunisaidia. Kosa la Jina lilinishika kiuno, Tarehe ya Kuzaliwa ikalishika hilo, na mengine elfu sita nyuma yao, tukavuta kama tunang'oa muhogo. Hatujambo mwenyewe alisukuma kwa juu, huku akituuliza habari za kazi.

Mkunjo ukafunguka.

Ndani alikuwa amelala mtu bapa, mwembamba, ana alama ya mkunjo usoni toka sikio hadi sikio. Akakaa taratibu, akajinyoosha shingo. Akamtazama Hatujambo, wakakumbatiana, na sasa Hatujambo alikuwa na miguu.

Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu namwona," akasema kwa mshangao. "Huyu ni karatasi. Mbona hayumo katika aya hata moja?"

"Hawakunifungua," akasema yule mtu. "Wananisikia nabisha, hawanifungui."

"Ulikuwepo siku ya uamuzi?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa kwenye faili, mbele yao, siku ile na siku zote."

Jaji akamgeukia karani. "Kukisoma kitu vibaya ni jambo moja," akasema. "Kutokisoma kabisa ni jambo jingine." Muhuri ulikuwa umekaa sakafuni, wino umeukaukia mdomoni.

"Unakaa ukurasa gani?"

"Mia na kumi na mbili, Mheshimiwa."

"Jina?"

"Lakini," akasema. "Naitwa Lakini. Kwetu hakuna Hatujambo anayetoka nyumbani bila mimi."

Kisha Lakini akanigeukia mimi. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Wilondja, ile ile ya kwenye simu, yenye mafua kidogo. "Shemeji," akasema.

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua limeshaingia dirishani. Kikohozi kilikuwa mahali pake. Nilikaa kitandani nikijicheka, nikasema maji yamezidi unga, sasa hata salamu zinavaa suti.

Pembeni ya kabati lipo boksi la nakala za faili langu. Bi Harriet alinipa miezi minne iliyopita, kurasa mia tatu na kitu, zote za Kiingereza, ambacho mimi nakijua cha kiwandani tu: haraka, safisha, sanduku. Sijawahi kulifungua. Niliona hasira kulifungua, na nilimwona Wilondja mle ndani.

Nikachukua kisu cha jikoni nikakata utepe.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili si wa Kiingereza. Ni mwandiko wa Wilondja, herufi zake zilizoinama kulia, alizofundishwa na kaka yake ubaoni. "Kwa Wakubwa wa Serikali ya huko. Salamu nyingi sana ziwafikie. Mko wazima na familia zenu? Sisi huku hatujambo wote, tunaendelea vizuri kwa neema ya Mungu." Kisha karatasi inaisha. Inaishia katikati. Nusu ya chini ya ukurasa ni nyeupe tupu, haina hata mistari ya daftari. Ukurasa wa mia na kumi na tatu ni tafsiri ya Kiingereza ya mistari hiyo hiyo minne, na muhuri wa mtafsiri. Naye alitafsiri alichopewa. Bi Harriet angejuaje? Hajui Kiswahili, na mimi sikufungua boksi.

Nikaupeleka ukurasa dirishani.

Barua ilikuwa imetolewa nakala ikiwa imekunjwa. Pale inapokoma pana kivuli cheusi cha mkunjo, kimenyooka toka upande huu hadi ule. Na juu kidogo ya kivuli, mstari wa tano umeanza. Haukuingia wote. Vimeingia vichwa vya herufi tu, kama watu wanaochungulia juu ya ukuta. Mlingoti wa L. Mlingoti wa k. Nukta ya i, na nukta nyingine ya i.

Niliuweka mezani, nikaunyoosha kwa viganja, ingawa nakala haina mkunjo wa kunyoosha. Halafu nikampigia Bi Harriet. Aliitika na sauti ya usingizi. Kiingereza changu kilinikimbia, nikabaki na kile cha kiwandani.

"Karatasi," nikamwambia. "Karatasi ya shemeji yangu. Waambie wafungue."

Akaniuliza ukurasa gani, nikamtajia. Nikasikia anatafuta, kisha akaguna: ameuona mkunjo. Akasema polepole, mpaka nikamwelewa, kwamba nisiondoke, anakuja kunichukua sasa hivi, na kwamba ile barua ya asili iliyoko Wizarani lazima iletwe mbele ya jaji leo.

Nilipokata simu nikapiga namba ya Wilondja. Haipatikani. Sikukata, nikasema hivyo hivyo bila mtu kunisikia, "Shemeji, uliandika yote. Nisamehe."

Kisha nikakivaa kitenge cha njano.